Neno Alilokiri Davina

Wakili alipofika Portskellie mara ya kwanza, Davina Lownie alimpenda. Alivua kofia mlangoni, akapangusa viatu mara mbili, na kabla ya kuketi aliuliza kama kile kiti cha karibu na moto kilikuwa cha mtu. Kilikuwa cha marehemu mume wake Davina. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu bahari imchukue, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza. Davina akamwambia akikalie tu. Akamwekea chai, siagi na mikate mikavu ya shayiri, kisha akakaa mbele yake, mikono yake yenye makovu ya ndoana ikiwa mapajani, tayari kumsaidia kwa lolote.

Wakili huyo aliitwa Bwana Wedderspoon, naye alitumwa na bwana mwenye ardhi. Bwana huyo alitaka kuwauzia watu wa hoteli ule Uwanda ulio kati ya nyumba na bahari, ili wajenge vibanda vya watu wa mjini wanaokuja kuogelea. Wanawake wa Portskellie walikuwa wamepeleka malalamiko, na jina la kwanza katika malalamiko hayo lilikuwa la Davina, kwa sababu mahali pake pa kazi palikuwa mwanzo kabisa wa Uwanda, upande wa kanisa.

"Sitakuchosha, Bi Lownie," wakili alisema. "Nina swali moja tu."

Akafungua karatasi juu ya meza. Ilikuwa nakala ya mkataba wa mwaka 1614, uliotoka katika sanduku la bwana mwenye ardhi, ukiwa na umri wa zaidi ya miaka mia tatu. Humo iliandikwa kwamba wavuvi na wake zao wataredi Uwanda kila Jumamosi kabla ya usiku kuingia. Katika karatasi neno lenyewe liliandikwa redd, kwa herufi za kale zilizopinda. Vinywani mwa watu wa Portskellie lilikuwa redi tu, na hapakuwa na siku iliyopita bila wao kulitamka mara kumi.

"Je, ni kweli kwamba mnaredi Uwanda kila Jumamosi?"

Davina karibu acheke. Alikuwa ametazamia swali gumu.

"Kweli? Bwana wakili, mimi nilianza kuredi Uwanda nikiwa na miaka sita. Mama yangu aliredi jioni, usiku akanizaa mimi."

"Bila kukosa Jumamosi hata moja?"

"Hata moja. Kuwe na mvua, kuwe na theluji, kuwe na maiti ndani ya nyumba. Nenda mlango wowote ukaulize."

"Na bibi yako?"

"Bibi! Huyo ndiye aliyekuwa akitufinya masikio tukichelewa."

Wakili aliandika yote, pole pole, kwa mwandiko mzuri. "Kwa hiyo unakiri, Bi Lownie?"

"Nakiri, tena kwa moyo mweupe. Lete hiyo kalamu."

Akatia sahihi. Bwana Wedderspoon akamshukuru kwa chai, akashuka ngazi akiwa amekumbatia mkoba wake, na Davina akasimama mlangoni akimpungia mkono mpaka gari lilipopotea nyuma ya kilima.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, mwanzoni mwa Oktoba. Ilisomwa Uwandani, kwa sauti, na Leebie, wifi yake Davina, ambaye alisoma haraka kuliko wote na alipenda watu walijue hilo. Wanawake kumi na wanane waliacha visu vyao ndani ya ndoo za kome wakasikiliza. Barua ilisema kwamba katika lugha ya sheria ya Uskoti, tangu zamani za kale, kuredi mahali ni kuhama mahali hapo, kutoka wewe na vitu vyako na kupaacha patupu. Kwa hiyo wavuvi wa Portskellie walipewa ruhusa ya kuutumia Uwanda wiki nzima, kwa sharti la kuondoka kila Jumamosi. Na kwa kuwa Bi Davina Lownie alikiri kwa sahihi yake kwamba yeye, mama yake na bibi yake wamekuwa wakiondoka kila Jumamosi bila kukosa, basi walikuwa wapitaji tu, na hakuna hata siku moja ambayo Uwanda ulikuwa wao. Walitakiwa watoke kabisa kabla ya tarehe kumi na moja Novemba.

Leebie akaikunja barua.

"Haya, wifi. Hongera. Umetuhamisha watu wote kwa kikombe kimoja cha chai."

"Aliuliza kama tunaredi," Davina alisema. "Si tunaredi?"

"Tunaredi! Na wewe ukaona umwongezee na mama yako na bibi yako, wafu wa watu, uwaburute kaburini waje watie sahihi!"

"Leebie, mimi ningejuaje? Redi ni redi, ni kufagia na kupanga."

"Na siagi ulimpa?"

Davina akainamia ndoo yake ya kome.

"Alimpa siagi," Leebie aliwatangazia wenzake. "Mimi kaka yangu alipokuwa hai, nikija hapo kwake naona mkate mkavu. Wakili anakuja kutunyang'anya mahali pa kazi, anapewa siagi."

Wengine wakacheka, lakini kicheko hicho hakikufika mbali. Kila mmoja alijua Uwanda ulikuwa nini. Mshipi wa mume mmoja ulikuwa na ndoana elfu moja na mia mbili, na kila asubuhi mshipi huo ulirudi kutoka baharini ukiwa umejifunga mafundo, umeshika magugu na mabaki ya chambo. Kabla haujarudi tena baharini ilibidi mke akae aufungue fundo kwa fundo, asafishe ndoana moja moja, abanje kome, atie chambo, aupange ndani ya kapu duara juu ya duara. Nyumba zao zilikuwa na chumba kimoja na nusu. Bila Uwanda hakuna mshipi, bila mshipi hakuna mashua inayotoka, na vijiji vya pwani ile ambavyo mashua zake ziliacha kutoka vilikuwa vinajulikana kwa majina. Siku hizi kondoo walilala ndani yake.

Usiku ule Davina hakulala vizuri, na si kwa sababu ya maneno ya Leebie. Alikuwa akiliwaza lile neno. Maisha yake yote lilikuwa limekaa mdomoni mwake kama ulimi wenyewe, na sasa kumbe lilikuwa na upande mwingine asioujua, nalo limemgeuka.

Siku ya tatu mtu aligonga mlango wa nyuma, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Davina alidhani ni kuku. Alikuwa Miss Orrock, dada yake mchungaji. Miss Orrock alikuwa mwanamke wa miaka arobaini aliyekuwa akiona haya hata kuimba kanisani. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua, na kifuani amekumbatia bati kubwa la biskuti.

"Samahani, Bi Davina. Nimesikia habari ya... ya lile neno." Alizungumza akiitazama birika. "Nina kitu ningependa uone. Kama huna kazi. Kama una kazi nitarudi."

"Ingia, Miss. Kazi yangu ndiyo hiyo nimeimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Miss Orrock aliketi kwenye ukingo wa benchi. Akaeleza, kwa vipande vipande, kwamba kuna watu wasomi mjini wanaotengeneza kamusi kubwa ya lugha ya Waskoti wa kale, na kwamba kazi hiyo haiwezekani bila wasomaji wengi wa kujitolea huku na huko. Yeye alikuwa mmoja wao. Kila jioni kwa miaka kumi na moja alikuwa amesoma vitabu vya zamani vya makanisa na mabaraza na mahakama, na kila alipokutana na neno lenye thamani alinakili sentensi yake katika kikaratasi, na mwaka wake. Hakuna aliyejua isipokuwa kaka yake, na yeye alidhani ni kitu kama kufuma soksi.

"Hivi ni vya neno lako," alisema, akafungua bati.

Vilikuwa vingi. Davina aliwahi kuona barua tano au sita za mtu mmoja na kudhani ni nyingi. Miss Orrock akaanza kuvipanga juu ya meza, na alipoanza kusoma, haya yake yote yalimtoka. Alisoma kwa matamshi ya kale, na nywele za shingoni mwa Davina zikasimama, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya bibi yake. Bibi alisema hivyo hivyo, akizivuta herufi vile vile, na watoto wa shule walimcheka.

"Huyu hapa ni mtu aliyetekwa vitani. Ndugu zake wakaja usiku wakamredi kutoka mikononi mwa adui."

"Wakamwokoa."

"Wakamwokoa. Ni miaka mia nne na hamsini iliyopita. Na hapa mabwana wawili waligombania mpaka wa mashamba, wakakutana na mashahidi ili waredi mipaka. Walitembea siku nzima wakiweka mawe."

"Mpaka ukajulikana uko wapi."

"Ndiyo. Na huyu..." Miss Orrock alitabasamu. "Huyu ni mke wa mhunzi. Mume wake na shemeji yake walikuwa wanapigana, akaingia katikati kuwaredi. Alipigwa yeye. Alivunjwa jino, akaenda kushtaki mahakamani."

"Walimlipa jino lake?"

"Sijui. Ukurasa unaofuata uliliwa na panya."

Davina alicheka kwa mara ya kwanza tangu barua ile isomwe. Akavuta kikaratasi kingine kwa ncha ya kidole, kwa uangalifu, kana kwamba kingeweza kuamka. Miss Orrock alimsomea: mama mmoja, siku ya harusi ya binti yake, alimketisha karibu na dirisha akamredi nywele. Kingine kilisema jinsi samaki wa mtoni anavyoredi changarawe kwa mkia wake ili atage mayai. Kingine, mtu aliyeredi koo lake kabla ya kuhutubia baraza. Kingine, uzi. Kingine, chimbo la mawe. Kingine, moto wa jikoni, majivu yakitolewa ili upumue.

"Mama alikuwa akisema, njoo nikuredi kichwa," Davina alisema polepole. "Nilikuwa nalia. Nywele zangu zilikuwa zinafunga mafundo kama mshipi." Alikirudia kwa kidole kile kikaratasi cha nywele. "Kama mshipi. Miss, ni kitu kimoja. Yule anayefungua nywele, na yule anayewatenganisha wanaopigana, na wale wa mipaka. Kilichojisokota kinasokotolewa. Kila kitu kinawekwa mahali pake."

Miss Orrock alimtazama, macho yamefunguka sana.

"Imenichukua miaka sita kuliona hilo," alisema.

Nje upepo ulikuwa ukivuma, na Davina hakuusikia. Alikuwa akivitazama vile vikaratasi vilivyofunika meza aliyozoea kukatia samaki. Watu hawa wote, mateka na mke wa mhunzi na bibi harusi, walikuwa wamelitia neno hili mdomoni na kulitoa, na mwingine akalipokea likiwa bado na joto, mpaka likamfikia mama yake, mpaka likamfikia yeye, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba lilikuwa kubwa hivi. Alikuwa akilitumia kwa magugu na ndoana. Alihisi kama mtu aliyeishi miaka hamsini na nane katika chumba kimoja na nusu, kisha akasukuma kabati na kukuta nyuma yake ukumbi.

"Na hii ya wakili?" aliuliza hatimaye. "Ya kuhama? Ameitunga?"

Uso wa Miss Orrock ukashuka. "Hapana. Hiyo nayo ipo." Akatoa vikaratasi vinne vilivyofungwa pamoja kwa uzi. "Mpangaji anaamriwa atoke, aiache nyumba tupu na iliyorediwa. Ni lugha ya mahakama, na ni ya zamani kweli. Bwana Wedderspoon hasemi uongo, Bi Davina. Hiyo ndiyo shida."

Miss Orrock aliandika barua kwa mahakama kuipinga amri ya kuhama, akaichana, akaandika nyingine, na mwishowe Leebie akaja akaipokonya na kuipeleka posta mwenyewe kabla haijachanwa tena. Hakimu akajibu kwamba atakuja kuisikiliza kesi huko huko Portskellie, katika shule ya kijiji, ili auone Uwanda kwa macho yake. Alichagua Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, kwa kuwa shule ingekuwa haina wanafunzi.

Siku hiyo wanawake wote walikuja, wamevaa nguo za kanisani, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Hakimu alikuwa mzee mnene mwenye mafua, jina lake Bwana Abercrombie, aliyekaa kwenye meza ya mwalimu na leso mbele yake. Alisikiliza tangu saa sita mchana. Bwana Wedderspoon alisema mengi na aliyasema vizuri. Alisoma sheria tano, na katika kila moja kuredi kulikuwa kuhama. Kisha akasoma kukiri kwa Davina, neno kwa neno, pamoja na mama na bibi, na Davina akatamani sakafu ifunguke.

Miss Orrock alipopanda kutoa ushahidi, sauti yake haikufika dawati la pili.

"Paza sauti, Miss!" Leebie alimwambia. "Wafu wenyewe hawakusikii!"

"Kimya huko," hakimu alisema, akipenga kamasi.

Miss Orrock akasoma vikaratasi vyake. Alipofika kwa samaki na changarawe, Bwana Wedderspoon akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Miss Orrock, ushahidi huu umehifadhiwa wapi?"

"Ndani ya... ndani ya bati."

"Bati la nini?"

"La biskuti," Miss Orrock alisema, na wekundu ukampanda mpaka masikioni.

Lakini hakimu alinyoosha mkono akaomba avione vikaratasi mwenyewe, akavisoma kimoja kimoja, muda mrefu, mpaka akasahau leso yake. Mwisho akaviweka chini.

"Nimesema neno hili tangu utoto," alisema, "na sikujua." Akaikumbuka leso, akapangusa pua. "Lakini nipo hapa kuamua, na hivi haviamui. Vinanionyesha kwamba mwandishi wa mwaka 1614 angeweza kumaanisha kusafisha, na sheria za Bwana Wedderspoon zinanionyesha angeweza kumaanisha kuhama. Neno linabeba yote mawili. Mtu pekee ambaye angeniambia amekwisha kufa, na mimi siwezi kumwita. Bi Lownie, njoo."

Davina akaenda kukaa kwenye kiti cha mashahidi. Kilikuwa karibu na dirisha, na huko nje mwanga ulikuwa umeanza kugeuka rangi. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita.

"Bi Lownie," Bwana Wedderspoon alianza kwa upole ule ule wa siku ya chai, "ulipotia sahihi, kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana, bwana."

"Ulilielewa swali?"

"Nilielewa swali langu. La kwako sikulielewa."

Watu wakacheka. Wakili akangoja. "Twende taratibu. Jioni ya Jumamosi, usiku ukishaingia, kuna mtu yeyote anabaki Uwandani?"

Davina akatazama dirishani. Kivuli cha kanisa kilikuwa kimevuka barabara. "Hakuna, bwana."

"Jumapili, je?"

"Jumapili ni Jumapili. Hakuna."

"Kwa hiyo mnaondoka."

Ilikuwa kweli. Na wakati huohuo, mwilini mwake, kitu kingine kilikuwa kikimvuta, kitu kisichohusiana na wakili wala hakimu. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye ukuta wa kisima. Siku zote kikifika kwenye ukuta wa kisima, yeye alikuwa tayari yuko nje.

Dawati likalia. Leebie alikuwa amesimama. Akajifunga shali yake kichwani, akasema "samahani" kwa jirani yake, akapita kati ya madawati na kutoka nje. Akafuata mke wa Geddes, akatoa pini ya kofia yake ya kanisani na kuiacha kofia kwenye dawati. Kisha mabinti wawili wa Cargill. Kisha watatu kwa pamoja.

"Nini hiki?" hakimu aliuliza. "Mama, wewe hapo, mnakwenda wapi? Mahakama haijaahirishwa."

Mama aliyeulizwa, mwanamke mzito wa miaka sabini, aligeuka mlangoni akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Ni Jumamosi, bwana mkubwa," alisema, akatoka.

Bwana Wedderspoon alitabasamu. "Mheshimiwa, sihitaji tena kumuuliza shahidi. Wanahama mbele ya macho yako."

Hakimu alikuwa anamtazama Davina, ambaye alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mashahidi, peke yake kati ya madawati matupu, akiwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Unaumwa, Bi Lownie?"

"Hapana, mheshimiwa. Naomba ruhusa. Jua linazama na sehemu yangu haijarediwa."

"Kesi hii ni yako. Ukitoka sasa, unaweza kuipoteza."

"Najua, mheshimiwa."

"Na bado unataka kutoka?"

Machozi yalimjia, kwa aibu. Alijiona mjinga kuliko watu wote wa pwani ile. "Haijawahi kupita, mheshimiwa. Siwezi kuwa mimi nitakayeiacha ipite."

Hakimu akachukua nakala ya mkataba, akachukua kofia yake. "Basi twende," alisema.

Walishuka wote wanne, hakimu, wakili, Miss Orrock na Davina. Uwanda ulikuwa mrefu, wa kokoto na nyasi fupi, na upande wa magharibi anga lilikuwa limebaki na ukanda mmoja mwekundu juu ya bahari ya rangi ya risasi. Wanawake kumi na saba walikuwa wametawanyika juu yake, wamekunja sketi za kanisani na kuzichomeka kiunoni. Kila mmoja alikuwa na fagio lake la matete, akianzia kwenye mstari wa nyumba na kusonga kuelekea baharini, na mbele yao maganda ya kome ya wiki nzima yalikusanyika yakilia kama mvua juu ya bati, meusi upande mmoja na ya samawati upande wa pili. Magugu, vipande vya uzi, vichwa vya samaki, vyote vilikwenda. Nyuma ya mafagio Uwanda ulibaki mweupe. Makapu yalinyanyuliwa, yakafagiliwa chini yake, yakarudishwa pale pale. Miti ya kuanikia mishipi ilinyooshwa. Ndoo zilipangwa kwa mstari.

Davina alichukua fagio lake ukutani, akaenda mahali pake.

Hakimu aliyafuata mafagio kwa macho. Kisha akainua karatasi ili aipatie mwanga uliobaki, akasoma kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa mtu wa pwani ya kaskazini na alikuwa mzee, aliisoma kama bibi zao wangeisoma: kwamba wavuvi wa Portskellie na wake zao, na watoto wao baada yao, wataredi Uwanda kila Jumamosi kabla ya usiku kuingia.

Mafagio yalisimama. Hakuna aliyekuwa ameyasikia maneno hayo yakisomwa namna ile, hewani, mahali penyewe. Leebie alikuwa mdomo wazi. Kwa miaka mia tatu na ishirini na miwili karatasi ile ilikuwa imelala gizani ndani ya sanduku la bwana, na hakuna hata mwanamke mmoja wa Uwandani aliyeisoma, na hakuna Jumamosi waliyoacha kuitii. Watu walizaliwa na kuzama na kuzikwa, wafalme walibadilika, na agizo lilipita kutoka mkono hadi mkono bila karatasi. Davina alidhani kwamba akigeuka sasa hivi atawaona mama na bibi na wote waliowatangulia wamesimama nyuma yake, mstari mrefu mpaka majini.

"Nani aliwaagiza?" hakimu aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Hakuna, mheshimiwa," Davina alisema. "Ndivyo ilivyo tu."

"Mheshimiwa," Bwana Wedderspoon alianza, "bado wataondoka—"

"Tazama makapu, Bwana Wedderspoon. Tazama miti ile. Ndoo. Mtu anayehama hubeba vitu vyake. Hawa wamevinyanyua vitu vyao, wakafagia chini, wakavirudisha. Wanakwenda kulala kama wewe unavyofunga ofisi yako." Akaikunja karatasi. "Nilisema siwezi kumwita mwandishi wa mkataba. Nadhani amekwisha kujibu. Hukumu nitaiandika Jumatatu, lakini sitaki watu hawa wangoje mpaka Jumatatu. Uwanda ni wao, maadamu wanauredi. Na maana ya kuredi ni hii hapa."

Bwana Wedderspoon aliutazama Uwanda kwa muda. Halafu akavua kofia, na haikujulikana kama aliivua kwa ajili ya hakimu au kwa ajili ya kitu kingine.

Miss Orrock alikuwa amekwisha kutoa kikaratasi mfukoni na kalamu, anaandika kwa haraka katika giza linaloingia, tarehe, mahali, maneno ya Davina.

"Usimsahau wifi katika hayo maandishi yako!" Leebie alimpigia kelele, akijipangusa pua kwa mkono. "Andika kwamba Leebie Lownie ndiye aliyesimama wa kwanza! Na wewe Davina, umeganda nini? Umeshinda, fagia!"

Davina akafagia. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, wa kutosha sehemu yake na si zaidi, na maganda yalikuwa yakimkimbia mbele ya fagio kuelekea baharini. Alifika mahali ambapo hayakwenda tena. Akainua macho.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba usogeze mguu."

Hakimu akausogeza.